Vidonge vya Siku Kumi

Rispa alipotoka duka la dawa hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alisimama kwanza kando ya barabara kuu ya Rongo, akampigia simu shemeji yake Cephas aliyekuwa Uriri, akamwambia kwamba leo amejua kwa nini mwanawe Caleb amekaa na mke miaka minne bila mtoto. Kisha akavuka barabara, ameficha pakiti tupu ya vidonge kiganjani, akausukuma mlango wa mwanawe, alikokuwa mgeni kutoka Uriri, bila kubisha.

Nyakerario, mkewe Caleb, alikuwa amepiga magoti sebuleni akipanga viatu vya mitumba kwenye gunia. Alhamisi ilikuwa siku ya soko na alikuwa amechelewa.

"Hii ni ya nani?" Rispa aliuliza.

Nyakerario aliinua uso. Pakiti hiyo alikuwa ameiacha kwenye droo ya chumba cha kulala, chini ya nguo zake za ndani.

"Ni yangu, mama. Umeitoa wapi?"

"Nilikuwa natafuta sindano. Nimepeleka pale kwa duka la dawa nikauliza. Wanasema hii ni dawa ya kushusha damu."

"Ni ya kuleta hedhi, ndiyo."

"Ya kuleta hedhi." Rispa alikaa kwenye kochi polepole, kama mtu anayejiandaa kukaa sana. "Na mwanamke anayetafuta mtoto anatafuta hedhi ya nini?"

Nyakerario alieleza. Alisema ana miezi mitano hajaona damu. Alisema daktari Motari anataka apimwe homoni, na kipimo hicho lazima kifanywe kati ya siku ya pili na ya tano ya hedhi, na asiyeona hedhi hawezi kuhesabu siku. Ndiyo maana alipewa vidonge vya siku kumi. Alimaliza juzi, sasa anangoja damu ianze ili aende maabara. Yote yalikuwa kweli, lakini kadiri alivyozidi kueleza ndivyo alivyojisikia kama mtu anayetunga hadithi, na aliuona uso wa mama mkwe ukizidi kukaza.

"Miezi mitano huoni damu," Rispa alisema, "halafu unameza dawa ya kuiteremsha. Sisi tumezaa, nyar Kisii, binti wa Wakisii wewe. Miezi mitano bila damu ina jina lake."

"Sikuwa na mimba. Nilipimwa kabla ya kupewa dawa."

"Bwana yako anajua hizi dawa?"

Nyakerario alikishika kiatu kimoja cha mtoto wa shule, akakigeuza, akakirudisha kwenye gunia. Caleb alijua habari za hospitali. Habari za vidonge hakuzijua, kwa sababu majuma mawili yaliyopita alikuwa amesema amechoka kusikia mambo ya hospitali kila wakati wa kula, naye Nyakerario akaamua kunyamaza.

"Hajui," Rispa alijijibu. "Nilijua hajui."

Caleb alifika kabla ya saa saba. Mama yake alikuwa amempigia simu kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma, na alikuja hivyo alivyo, alama za miwani ya kazi bado zimemzunguka macho. Alikalia mkono wa kochi kwa sababu nguo zake zilikuwa na masizi. Aliisikiliza hadithi ya mama yake yote, halafu akaipokea ile pakiti na kuitazama mbele na nyuma, ingawa haikuwa na kitu.

Nyakerario alikwenda chumbani akarudi na karatasi ya kipimo cha mimba. Ilikuwa na jina lake, tarehe, na neno moja la Kiingereza lililosema hakuna.

"Karatasi," Rispa alisema. "Hata mimi nikienda na mia tano naandikiwa mimi ni msichana."

"Mama, ngoja," Caleb alisema. Akamgeukia mkewe. Alikuwa mtu mpole, na swali lake alilitoa kwa upole pia. "Nyake, niambie tu. Ulikuwa na mimba?"

Nyakerario alikuwa amejiandaa kwa maneno ya mama mkwe tangu siku alipoolewa. Hilo la Caleb hakuwa amejiandaa nalo. Kila asubuhi kwa miaka minne alikuwa akiamka kabla yake, anajifungia bafuni na wembe, anaondoa nywele zinazoota kidevuni, ili Caleb akiamka akute uso wa mke. Kila mwezi ambao damu haikuja alinunua kipimo, akakojoa, akangoja mstari wa pili. Hakuwahi kuuona.

"Miaka minne unalala kando yangu," alisema. "Wewe ndiye wa kuniuliza hivyo?"

"Nimeuliza tu."

"Sikuwa. Damu ikija tutaenda Homa Bay, kwa ile maabara daktari ameniandikia. Uende na mimi. Uingie mpaka ndani uulize unachotaka."

"Tutaenda," Caleb alisema.

"Hata mimi nitaenda," Rispa alisema. "Sirudi Uriri kabla sijajua."

Damu ilianza Jumamosi asubuhi, wakati wote watatu walikuwa wakivaa kwenda kanisani kwa ibada ya Sabato. Nyakerario alitoka bafuni akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, lakini nyumba ilikuwa ndogo na ukuta ulikuwa wa mbao. Rispa alikuwa akifunga kitambaa chake cha kichwa mbele ya kioo. Mikono ilisimama hewani.

"Basi imetoka," alisema, na kila mtu mle ndani alielewa hakuwa akisema hedhi.

Walikwenda kanisani. Nyakerario alikaa safu ya nyuma na maumivu ya tumbo, akiwatazama wanawake watatu waliokuwa wakiinamiana na mama mkwe wake nje ya mlango baada ya ibada. Mmoja aliinua macho akamwona anatazama, akayashusha haraka. Hapo Nyakerario alijua kwamba jambo lile halikuwa la nyumba yao tena.

Jumatatu, siku ya tatu ya damu, walifika Homa Bay saa mbili asubuhi. Nyakerario alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu saa mbili ya usiku uliopita, isipokuwa maji. Maabara yenyewe ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya shamba, na benchi la kungojea lilikuwa limeshajaa. Msichana wa mapokezi alichukua fomu, akaisoma, kisha akaanza kuiingiza kwenye kompyuta, akitaja kila kitu kwa sauti kana kwamba yuko peke yake.

"Sukari ya masaa mawili. Tezi ya shingo. Prolaktini. Testosteroni." Akainua kichwa. "Testosteroni ni homoni ya wanaume. Hii ni yako ama ya mzee?"

Kwenye benchi watu waliinua vichwa. Mzee mmoja mwenye bandeji mguuni aligeuza mwili wote ili aone vizuri.

"Ni yangu," Nyakerario alisema.

"Yako wewe?"

"Imeandikwa jina langu hapo."

Msichana alimtazama kidevu. Haikuwa kwa ubaya, macho yalikwenda tu, lakini Nyakerario alihisi uso wote unawaka. Alilipa kwa simu, pesa za viatu alizokuwa akizitenga tangu Machi. Rispa alijisogeza kaunta.

"Mwanangu, hebu acha hizo zingine. Hamna ile ya kuonyesha kama mtu alikuwa na mimba akaitoa?"

Caleb alimshika mama yake mkono. "Mama, kaa chini."

"Si tulikubaliana tutauliza?"

Mlango wa chumba cha pili ulifunguka, akatoka mwanamke mfupi aliyevaa koti jeupe. Kifuani alikuwa na kibandiko cha jina: Robi. Alichukua fomu kutoka kaunta, akamkazia macho yule msichana, akawaambia wote watatu waingie ndani. Akafunga mlango.

"Nani mwenye kupimwa?"

"Ni mimi."

"Hawa ni watu wako? Unataka wasikie, ama watoke?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Nyakerario anataka nini tangu Alhamisi.

"Wakae," alisema. "Huyu ni mama wa bwana yangu. Anaamini nimetoa mimba. Mwambie unapima nini."

Robi alivaa glavu akaanza kutafuta mshipa. Aliongea akifanya kazi, bila haraka, Kiswahili chake kikiwa na uzito wa Kikuria.

"Mama, mwanamke ana ovari mbili. Kila mwezi yai moja linakomaa, linatoka. Kuna wanawake, na ni wengi, mayai yanaanza kukua halafu yanasimama njiani. Yanabaki vifuko vidogo vidogo. Yai lisipotoka, hedhi inapotea miezi, na mtoto anachelewa. Mwili nao unatengeneza homoni ya kiume kupita kiasi. Hiyo kila mwanamke anayo kidogo, hata wewe. Ikizidi, nywele zinaota kidevuni, kifuani. Wengine sukari inapanda. Sasa hii damu itatuambia kama ni hivyo, ama ni tezi, ama ni kitu kingine." Damu ilijaza chupa ya kwanza, akabadilisha. "Hizo dawa za kuleta hedhi tunajua. Karibu kila mwanamke anayekuja hapa kwa kipimo hiki amezimeza. Hazimwagi mimba ya miezi mitano. Ingekuwa miezi mitano mngeona kwa macho, hamngehitaji maabara."

Rispa alikuwa akimtazama mkaza mwanawe kidevu, na safari hii alikuwa akikiona.

Robi alimpa Nyakerario kikombe cha maji ya sukari anywe chote, akamwambia atatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Halafu akageuza fomu upande wa pili.

"Daktari ameandika hapa mume naye apimwe. Amesema alimpa fomu yake mwezi wa tatu. Mzee, ulishapimwa?"

Caleb alikuwa ameegemea ukuta. Alijisimamisha sawa.

"Bado."

"Fomu iko wapi?"

Alikuwa nayo. Aliitoa kwenye pochi, imekunjwa mara nne, kingo zimeanza kukatika. Nyakerario aliitazama. Alikuwa amemuuliza habari za fomu hiyo mara mbili, na mara zote mbili alijibiwa kwamba imeloa mvua.

"Mmekaa siku ngapi bila kukutana?" Robi aliuliza, akiwa tayari na kalamu.

Caleb alitazama dari. Mama yake alitazama dirishani.

"Siku sita," Nyakerario alisema.

"Sawa, inatosha. Kuna chumba pale mwisho, kina kufuli kwa ndani." Robi akaweka chupa ndogo ya plastiki mezani. "Kama hutaki leo, silazimishi. Lakini mtarudi hapa tena, na mwenzako atakuwa amemeza dawa miezi bila kujua kama kuna jambo upande wako."

Chupa ilibaki pale mezani. Nyakerario, mkono ukiwa umekunjwa na pamba kwenye kiwiko, hakuisogeza. Alikuwa ametolewa damu mbele ya mama mkwe, amesomewa homoni mbele ya watu kumi na tano. Hakuwa na neno la kumbembeleza mwanamume achukue chupa. Rispa ndiye aliyesema, bado uso uko dirishani.

"Caleb. Mimi nimekuja kujua. Chukua."

Aliichukua. Alikaa kwenye kile chumba muda mrefu, na alipotoka alipita benchi lile lile, mbele ya mzee yule yule wa bandeji, chupa ikiwa imefichwa ndani ya ngumi kubwa ya fundi chuma.

Majibu yalifika Rongo Alhamisi. Daktari Motari aliyafungua mbele ya wote watatu baada ya Nyakerario kukubali. Tezi ilikuwa sawa. Homoni ya kiume ilikuwa juu, sukari ilikuwa imeanza kupanda ingawa haijafika kiwango cha kisukari, na picha ya ovari waliyopiga mwezi uliopita ilionyesha vile vifuko. Alilitaja jina la ugonjwa, akasema hauui na una dawa ya kusaidia yai litoke, na kwamba wanawake wengi wenye shida hiyo hupata watoto. Alimkataza Nyakerario soda na chai ya sukari, akamwandikia tarehe ya kurudi.

"Na ya bwana?" Rispa aliuliza.

Motari alimtazama Caleb. Caleb akatikisa kichwa kukubali.

"Mbegu ni chache, na nyingi hazitembei vizuri. Kipimo kimoja hakitoshi, tutarudia baada ya miezi mitatu. Hilo joto la kuchomelea pia tutalizungumza. Lakini hata kama mke wako angekuwa hana shida yoyote, huenda mngechelewa."

Walitembea kurudi nyumbani. Caleb alitangulia hatua tatu mbele, halafu akasimama, akawangoja, akachukua mkoba wa mkewe akaubeba yeye.

Jumapili walikwenda Uriri. Kikao kilikuwa kimeitwa na Cephas tangu siku ya ile simu, na hakikuweza kufutwa. Wazee wanne walikuwa wameshafika, na kuku wameshachinjwa. Nyakerario alipewa kiti cha plastiki karibu na mlango, mahali anapokaa mtu anayetarajiwa kuondoka. Cephas aliomba dua, akakohoa, akasema wamesikia maneno mazito kuhusu nyumba ya Caleb, na ni vizuri mama mwenyewe ayaseme mbele ya mhusika.

Rispa alisimama. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani.

"Nilisema huyu msichana anatoa mimba," alisema. "Haikuwa kweli. Nilienda na yeye mpaka kwa maabara, nikaona kwa macho yangu. Ni mgonjwa, na anatibiwa. Ni hayo tu."

Akakaa. Wazee walitazamana. Cephas hakuwa ameridhika. Alikuwa amesafisha uwanja mzima kwa ajili ya jambo kubwa zaidi.

"Mgonjwa," alirudia. "Basi tumeelewa tatizo liko wapi. Mwenye nyumba ana haki ya kufikiria njia nyingine. Caleb bado ni kijana, na nyumba haiwezi kungoja dawa za mwanamke miaka na miaka."

Nyakerario aliitazama mikono yake. Alijua majibu yote aliyoyasoma daktari, na alijua kwamba neno moja lake lingetosha. Lakini alikuwa amejiahidi njiani kwamba hatalisema yeye. Kama Caleb angenyamaza, angeinuka kwenye kile kiti, apande pikipiki, arudi Rongo kuchukua gunia lake la viatu. Alihesabu pumzi. Alifika tisa.

"Baba mdogo," Caleb alisema. Alisimama, akaanza upya. "Baba mdogo, mimi pia nilipimwa. Mbegu zangu ni chache. Daktari amesema hata nikioa mwingine, huenda ikawa vile vile."

Wazee walikuwa na maswali mengi kuhusu tumbo la Nyakerario. Kuhusu hili hawakuwa nalo hata moja. Mmoja alianza kutafuta kofia yake. Mwingine akasema mvua ya mwaka huu imechelewa, na Cephas akakubali kwamba imechelewa kweli, na kwamba sasa chakula kiletwe.

Baada ya kula, Nyakerario alikuwa jikoni akiosha sufuria. Rispa aliingia na vikombe viwili vya chai, akamwekea kimoja juu ya jiwe la kusagia.

"Haina sukari," alisema.

"Asante, mama."

Walikunywa. Rispa alikuwa na simu mkononi, anaigeuza geuza.

"Uliniita muuaji," Nyakerario alisema, bila kuinua sauti. "Nyumbani kwangu. Halafu ukalipeleka neno hilo mpaka kanisani."

"Nilikuita." Rispa hakutafuta maneno ya kujitetea. "Niliambia watu watano. Cephas amesikia leo. Wale wengine watatu nimewapigia jana, nimewaambia nilikosea. Amebaki Orpah, yule ameolewa Kisegi. Nimepiga mara mbili, hashiki."

Nyakerario alikausha mikono kwenye sketi. Alivuta kigoda, akaketi akimtazama mama mkwe.

"Piga tena," alisema. "Mimi nipo hapa."

Rispa alitafuta jina, akabonyeza, akaiweka simu sikioni. Kisha, bila kuambiwa, akaishusha, akaweka sauti ya nje. Simu ililia mara nne, mara tano, halafu sauti ya mwanamke ikaitika kutoka Kisegi, changamfu, ikiuliza kulikoni, na kama yule msichana ameshafukuzwa.

"Orpah," Rispa alisema. "Ngoja kwanza. Niko na yeye hapa."